Vidole Vyangu na Theluji ya Shemeji

Kama umefika hapa kwa sababu vidole vyako vimekuwa vyeusi kama mkaa na daktari amekwambia usubiri, karibu, vuta kiti. Kama umekuja kusikia theluji ilivyo nzuri, umepotea njia. Wasifiaji wa theluji wapo tele, na wengi wao hawajawahi kuisogelea zaidi ya kioo cha dirisha. Mimi sina hata neno moja jema la kuisemea. Kuhusu shemeji yangu Deo ninayo maneno mengi, na humo jema ulitafute mwenyewe.

Naitwa Sesilia, ila hapa Kilburn, London, wananijua kama Mama Joy msusi. Nimezaliwa Muheza, kwenye machungwa na jasho. Huku nilikuwa na kiti changu kwenye saluni ya barabara kuu, na mwanamke aliyetaka mistari myembamba iliyonyooka alitoka Ilford kwa treni, akapita saluni zote za njiani, akanifuata mimi. Vidole hivi ndivyo vilivyotulisha na kumsomesha Joy. Nayasema haya mapema ili ujue tulikuwa tunapigania nini mwaka ule mzima.

Sasa Deo. Deo ni kaka mkubwa wa mume wangu Elia, na wote ni Wachagga wa Marangu. Yeye ndiye aliyeanzisha kundi la Watanzania wa London wapanda milima. Walianza na vilima vya kiangazi, vya kupanda ukiwa umebeba sambusa, kisha akaona havimfai mtu wa hadhi yake. Akasema safari hii tunakwenda Uskoti, wakati wa theluji, nje ya njia za watalii. Nakumbuka alivyosimama sebuleni kwangu na kikombe changu cha chai mkononi. "Mimi nimezaliwa Kibo inaning'inia juu ya paa letu," alisema. "Theluji ya Waingereza itanifundisha nini?"

Watu wakapiga makofi! Watu wazima, wenye kazi zao, wengine manesi, wengine wahasibu. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kuzaliwa chini ya mlima kunamfundisha mtu nini. Mimi nimezaliwa jirani na reli, mbona siendeshi treni? Baadaye, nikiwa na bendeji mpaka kwenye viwiko, mama mkwe aliniambia kwa simu, huku akicheka, kwamba Deo alipanda Kilimanjaro mara moja tu, na wenzake wa shule, akafika kibanda cha kwanza, akatapika, akarudishwa. Nilisonya mpaka Joy akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Elia, mume wangu, ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: kaka akisema, yeye amekwisha kuvaa viatu. Nilimjua hivyo nikaolewa naye hivyo hivyo. Basi nilikwenda kumchunga mume wangu, si kutazama mandhari.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulilala kwenye nyumba ya wageni chini ya milima, sisi watatu, kwa sababu wale wapiga makofi wote walipata udhuru. Ukutani palibandikwa taarifa ya hali ya theluji ya kesho yake, ile wanayoitoa kila siku ya majira ya baridi. Nikamwita, "Shemeji, njoo uione hii. Imepakwa rangi nyekundu." Akaitazama jinsi mtu anavyotazama tangazo la paka aliyepotea. "Hizo ni za wazungu," akasema. "Hawa hata mvua wanaiogopa." Asubuhi wazungu wenyewe walikuwa wamekaa jikoni wanakunywa chai, viatu vimeanikwa, hakuna anayetoka. Sisi tukatoka.

Nitakueleza taarifa ile ilisema nini, kwa sababu nilikuja kuisoma kitandani nikiwa nageuziwa kurasa na nesi, na kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya habari hii inayoweza kukusaidia kabla hujaumia. Ilisema upepo wa magharibi umevuma mfululizo, umebeba theluji na kuirundika upande wa pili, upande wa mashariki, ule uliojikinga. Ilisema theluji hiyo mpya imekuwa ganda gumu juu ya theluji nyepesi isiyoshikana. Fikiria bati lililolazwa juu ya punje za mtama, na chini yake ni mteremko. Ukilikanyaga, bati lote linaondoka nawe. Basi, hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Sasa tazama alichofanya mzaliwa wa Kibo. Tulikuwa juu kwenye mgongo wa mlima, upepo unatuchapa usoni, mimi machozi yanaganda. Deo akaonyesha upande wa pili, kule kulikotulia, kweupe, laini. "Tupite huku," akasema. "Huku hakuna upepo." Ni kweli, hakukuwa na upepo. Upepo ulikuwa umemaliza kazi yake pale.

Alitangulia yeye, nikafuata mimi. Hatukwenda mbali, theluji ikalia chini ya miguu yetu, mlio mzito wa chini, kama mtu kafunga mlango wa ghala. Ufa mwembamba ukatoka kwenye kiatu cha Deo ukakimbia mbele yake. Elia, aliyekuwa bado hajaingia kwenye mteremko, akapiga kelele, "Kaka, umesikia?"

"Inajipanga tu!" Deo akajibu bila kugeuka.

Nikasema, "Shemeji, turudi."

"Mama Joy, wanawake wa pwani mna hofu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho akiwa wima. Nilisikia mpasuko mmoja mfupi juu yetu, kisha ardhi yote tuliyosimama ikaanza kutembea. Nilianguka nikabiringishwa, theluji ikaniingia mdomoni, puani, shingoni. Iliposimama, nilikuwa nimezikwa mpaka kiunoni na mikono yangu ilikuwa mitupu. Glavu aliniazima Deo, kubwa kuliko mikono yangu, na theluji ilizivua kama soksi za mtoto. Nilipojichomoa nikatazama chini, nikaona kiatu kimoja. Cha Deo.

Wanaokwambia theluji ni pamba waambie wakachimbe. Ikishaporomoka na kusimama, inakaza papo hapo kama saruji. Masepetu hatukuwa nayo. Zile fimbo ndefu za kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa hatukuwa nazo. Vile vidude vya kuvaa kifuani vinavyolia ili wenzio wakupate, hatukuwa navyo. Vyote hivyo Deo alivikataa dukani: "Mizigo ya nini?" Kwa hiyo nilichimba kwa vidole. Elia aliteremka akachimba na mimi kwa kifuniko cha bakuli la chakula, analia, anaita jina la kaka yake, na mimi nachimba, sina hata hasira, nachimba tu kama mbwa. Tulimpata uso umekuwa wa bluu, akakohoa, akavuta pumzi.

Elia alipoona mikono yangu alivua glavu zake zilizolowa akanivika, kisha akapiga simu kuomba msaada. Watu wa uokoaji ilibidi waje kwa miguu kwa sababu upepo uliizuia helikopta, na tulisubiri sana. Deo alikaa mbele yangu. Glavu zake alikuwa nazo mikononi, nzito, kavu kwa ndani. Akasema, "Mungu ni mkubwa," akaingiza mikono yake na glavu zake kwapani. Hakuniuliza kitu. Nilimtazama muda wote ule, na ninavyoandika hapa bado namtazama.

Hospitali ya kule waliitumbukiza mikono yangu kwenye maji ya uvuguvugu. Nimezaa, najua ninachosema: uchungu wa kuzaa una mapumziko. Vikaja malengelenge makubwa, mengine ya maji, mengine ya damu. Pete ya ndoa ilikatwa kwa mkasi maalumu, Elia akaipokea vipande viwili akavitia mfukoni. Kisha wakaturudisha London, na kazi ya kusubiri ikaanza.

Hakuna anayekwambia kwamba ugonjwa huu ni wa kusubiri. Unadhani watakata kesho. Hapana. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alisema nyama iliyokufa na iliyo hai zitaachana zenyewe, na mpaka ziachane hatagusa kitu. "Kwa muda gani?" Elia akauliza. "Mpaka kiangazi, pengine," akasema. Nje bado watu walikuwa wamevaa makoti.

Basi tulisubiri. Kliniki ya mikono ina chumba chenye viti vya bluu na televisheni isiyo na sauti inayoonyesha watu wakipika. Kila anayeingia anaficha mkono wake na kuchungulia wa mwenzake. Walichungulia wa kwangu, wakageuza shingo haraka, kisha wakarudia kuchungulia. Aliyenifaa mle alikuwa mmoja tu, Bi Hansa, mama wa Kihindi wa Kingsbury aliyevunjika kiganja. Alinisikia nikimgombeza Elia, akageuka. "Wewe wa Tanga?"

"Muheza, mama."

"Basi wa nyumbani. Mimi nilizaliwa Tanga mjini." Akatoa chungwa kwenye mkoba, akalimenya kwa mkono mmoja na meno, akanilisha kipande kwa kipande kama ndege na kinda lake. "Halifikii la kwenu," akasema. Halikulifikia. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kunilisha bila kunihurumia, na tangu siku hiyo tulipanga siku zetu za kliniki ziwe pamoja.

Nyumbani walikuja wageni. Jamani, wageni! Desturi yetu ya kumtazama mgonjwa ni nzuri mpaka mgonjwa awe wewe. Walikaa kwenye kochi langu, wakala pilau iliyopikwa na mume wangu ambaye hajui kupika pilau, wakanieleza kuhusu mjomba wao aliyekatwa mguu akafa. Mmoja alisema ni husuda ya wasusi wenzangu. Mmoja alikuja na mafuta ya karafuu na chupa ya maji ya moto, amekunja mikono ya gauni, tayari kunikanda. "Damu itatembea," akasema. Sikiliza vizuri, wewe unayesoma: usikubali kukandwa. Kwetu tunakanda kila kitu, mzazi, aliyeteguka, mwenye mafua. Nyama iliyoumwa na baridi haikandwi, na ngozi isiyohisi haiwekwi maji ya moto, maana itaungua na wewe hutajua. Nilimwambia akajikande mwenyewe. Alinuna, hakurudi, nikapata nafasi kwenye kochi.

Wateja wangu nao walikuja. Walinipa pole, wakalia kidogo, kisha mlangoni wakauliza taratibu, "Sasa dada, kwa huku nani mwingine anasuka vizuri?"

Elia alinilisha, akanivalisha, akanisafisha chooni. Nilimchukia kwa upole wake. Kila alipopiga magoti kunifunga viatu niliona kisogo chake na kutamani kumuuliza kwa nini hakumvuta kaka yake nguo. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Ni kaka yangu, Mama Joy."

"Na mimi ni nani?"

Joy, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata kimoja, aliinuka mezani akasema kwa Kiingereza chake kwamba nyumba hii inanuka ugomvi. Jioni ile alirudi na chupa ya rangi, akanipaka kucha za vile viwili vya mkono wa kulia vilivyokuwa bado na uhai, gumba na kidogo. Nyekundu. Tulicheka wote, vyeusi vitatu katikati na vyekundu viwili pembeni. Kichekesho kile kilinifaa kuliko dawa.

Majani yalipokwisha kuota kwenye miti ya mtaa wetu, Deo akasimama kwenye ukumbi wa kanisa kutoa ushuhuda. Mteja mmoja aliniletea video. Nikamwona shemeji amevaa suti, anafuta jasho, anasema, "Nikamshika shemeji yangu mkono, nikamvuta kutoka mautini." Watu wanalia, aleluya. Mkono upi, Deo? Mkono upi? Nilimtazama Elia, na Elia alikuwa anatazama sakafu.

Kiangazi kilifika, watu wakalala nusu uchi kwenye nyasi za bustani, na vidole vyangu vitatu vilikuwa vimekauka kama vijiti vya mdalasini. Mstari ulikuwa umejichora wazi, huku waridi, huku nyeusi. Kabla ya kukatwa waliniletea mtoa nasaha, kijana mwenye sauti ya pole, akaniuliza kama ningependa kuviambia vidole vyangu neno la kwaheri. Nikamwambia vidole havina masikio, na yeye anayo, kwa hiyo neno nitamwambia yeye. Alitoka mapema.

Wakakata cha shahada, cha kati na cha pete, vyote vya mkono wa kulia, na ncha ya kimoja cha kushoto. Nililia nilipoamka. Sikulia kwa uzuri wa mkono, nililia kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa unataka kuanza mstari, ule wa kwanza wa kati ya utosi, na hakukuwa na wa kuuanza. Ukipitia haya, jua kwamba kidole kisichokuwepo kitakuwasha na hutaweza kukikuna. Hujachanganyikiwa. Kunakuja, kunapungua.

Majani yalipoanza kudondoka, wazee walikuja. Kwa Wachagga, mtu akikukosea akataka msamaha anakuletea isale, jani refu la mmea wanaoupanda kuzunguka makaburi na mipaka, amelifunga fundo. Ukiletewa isale husemi hapana. Elia alinieleza mara mbili kabla hawajafika, kana kwamba mimi ni mgeni wa ukoo wao tangu jana. Deo aliingia na jani lake, alilolikata kwenye mmea wa chungu aliokuwa nao sebuleni, na Mzee Lyimo, mkubwa wao hapa London, akakaa katikati.

Deo akapiga goti. Sikutegemea. "Shemeji," akasema, "nimekuja na isale." Sauti ilimtetemeka, na nilijua ni kweli, kwa kiasi chake.

Nikamgeukia mzee. "Baba, hili jani linafuta lipi?"

"Linafuta lililopita, mwanangu."

"Na la Februari ijayo?"

Kila mtu alijua kwamba Deo ameshaandaa safari nyingine, kule kule, na kwamba kwenye korido yetu kulikuwa na begi la Elia limeshafungwa. Deo akasema, "Shemeji, safari hii tutakuwa makini." Nikamuuliza makini ni nini. Akasema makini ni makini.

Nikalipokea jani, kwa gumba na kidole kidogo, maana ndivyo nilivyobakiwa navyo mkono wa kulia. Lilikuwa jepesi. "Shemeji," nikasema, "vidole vyangu nimekusamehe, kweli, mbele ya mzee. Lakini vya mume wangu bado viko kumi, na hivyo sijakupa."

Mzee Lyimo akakohoa. Elia alisimama, mikono imening'inia, anatazama jani, ananitazama mimi, anamtazama kaka yake aliye magotini. Nilidhani atakwenda jikoni, kama anavyokwenda kila mambo yakiwa magumu. Akasema, "Kaka, mimi siendi."

"Umezuiwa," Deo akasema.

"Siendi," Elia akasema tena, akaenda korido akaanza kufungua begi.

Deo alikwenda na wengine sita. Ningependa kukwambia mlima uliwaadabisha. Haukuwaadabisha. Walipita upande ule ule uliojikinga na upepo, theluji ikawabeba vizuri kama zulia, wakarudi wote wazima, wanene, na picha. Ndivyo theluji inavyowafanya wajinga. Inawaacha, inawaacha, nao wanahesabu kila kuachwa kuwa ni ujuzi. Mwaka huu nasikia wamejiandikisha wengi zaidi.

Picha ile iliingia kwenye simu ya Elia Jumamosi asubuhi tukiwa saluni. Nimerudi kwenye kiti changu, ila sasa mimi nashika kichana na mdomo, na Elia anashika nywele. Alianza mwenyewe, wiki ile ile aliyofungua begi, bila kuombwa. Mchagga wa futi sita, mlinzi wa jengo la ofisi, amesimama nyuma ya mwanamke wa watu anajifunza kusuka, na wasusi wenzangu wanakufa kwa kicheko. "Gawa hapo," namwambia. "Chukua kidogo. Kidogo, Baba Joy! Hiyo si kamba ya mbuzi."

Mteja aliyekuwa amekaa akaisoma simu kwa sauti, maana mikono yetu ilikuwa na kazi. Chini ya picha, Deo ameandika: Tumerudi salama, na salamu kwa waliobaki na wake zao. Wengine wameweka vicheko.

Nilimtazama Elia usoni. Alikuwa ameuma ulimi kwa kukaza macho kwenye mstari wa pili, vidole vyake vinene vinahangaika.

"Nimjibuje?" mteja akauliza.

"Mwambie asubiri," Elia akasema. "Nimeshika kichwa cha mtu."

Mstari ulikuwa umepinda. Mteja hakujua, na mimi sikusema.